Swali Ameketi

Swali alistaafu mwezi wa nane.
Miaka tisa ya kunusa nyayo za wezi wa ng'ombe,
kisha serikali ikampa mume wangu karatasi atie sahihi:
mbwa mmoja, dume, kiuno kibovu.
Pensheni yake ndiyo sisi,
yuniporti yetu ya bati kwenye laini ya polisi, Tororo,
na ule mwamba unaotuchungulia
kama jirani asiye na kazi.

Krismasi yake ya kwanza ya kiraia.
Kabla kuku hajaepuliwa niliwapanga watoto mstari,
wangu na wa majirani:
Mfupa wa kuku uliopikwa unavunjika kama sindano. Hapewi.
Hata akikutazama.
Hasa akikutazama.
Mchuzi una vitunguu, si wake.
Chokoleti ya shangazi Nyaketcho,
kwenu tamu, kwake sumu.
Na malwa (mnanisikia, enyi wazee wa mirija?)
malwa ibaki chunguni.

Athieno alishamvisha shada la karatasi za kumetameta.
Nikalivua, nikamfunga leso yangu ya zamani,
vidole viwili vikapita shingoni bila kubanwa.

Okumu, mwenye miaka sita, akauliza:
Sasa yeye Krismasi yake ni nini?

Nilisimama na mwiko mkononi.
Nimeolewa na polisi, nimezoea kuhojiwa,
lakini hilo sikuwa na jibu lake.

Nikachemsha kiazi kitamu bila chumvi,
na ini kidogo, vipande vya ukubwa wa kidole gumba,
nikavitia ndani ya soksi kuukuu ya sajini.
Watoto wakaificha. Swali akageuzwa uso ukutani.
Tafuta!

Mungu wangu, yule mzee!
Masikio yakasimama, mkia ukawa mjeledi,
akaiona chini ya mkeka, akaiona kwenye maboga,
akaiona ndani ya kofia ya baba yao,
na kila akiipata haibwekei, haichani.
Anaketi.
Ndivyo alivyofunzwa: kuketi ndiko kusema, ni hapa.

Baada ya mara ya nne nikasema basi, kiuno hicho.
Maji. Kivuli.
Akanywa, halafu akaondoka zake,
akiipita soksi iliyokuwa wazi pale chini,
akizipita sufuria, akiwapita wageni na sahani zao,
hadi nyuma ya tangi la maji.

Akaketi.

Hapo alikuwapo Drani, mtoto wa Candiru,
ambaye hatukuwa tumemwona mchezoni
wala, nikisema kweli, hatukuwa tumemtafuta.
Baba yake yuko doria Karamoja tangu mwezi wa kumi.
Mkononi, chokoleti ya shangazi, haijafunguliwa,
imeanza kulainika ndani ya karatasi yake.
Ya baba, akasema.
Swali akaangalia pembeni, kama polisi
aliyeambiwa siri isiyo ya kuandikwa kitabuni.

Nikaichukua nikaiweka juu ya kabati,
mbali na jua, mbali na pua.
Nikamkabidhi Drani soksi:
Ifiche wewe. Mara moja tu, karibu karibu.
Akaificha kifuani mwake, chini ya shati.
Mjinga huyo. Alilambwa mpaka akakohoa kwa kucheka.

Mkesha wa mwaka mpya mjini walilipua fataki.
Tulikuwa tumejiandaa: mlango umefungwa mapema,
redio imefunguliwa juu, blanketi chini ya kitanda.
Mume wangu alikuwa zamu.
Swali alitetemeka hata hivyo, miguu yote minne,
yeye aliyewahi kumkabili mtu mwenye panga.

Saa sita na dakika tano nikainama na tochi.
Mikia hailali peke yake, naona:
miguu miwili myembamba ilichomoza kando yake,
ya Drani, soksi mguu mmoja.
Sikuuliza ameingiaje.
Nilizima tochi, nikaketi.